Siku yetu ni Juni, bajeti ni Februari

Kwenye huu uzi tunachambua hoja zinazorushwa kila mara kwenye mijadala ya siasa. Leo ni zamu ya ualbino. Haya ni maneno niliyosema Jumamosi kwa ukumbi wa kijamii hapa Kayole. Wengi mmeomba niyaweke. Sijataja mwanasiasa wala chama. Ukijibu, na wewe usitaje.

Majirani, wazazi wenzangu, hamjambo.

Wengi wenu mnanijua tu kama mama wa yule msichana wa kofia. Ana miaka kumi sasa. Siku nilipojifungua, mama mkwe alimwangalia mtoto, kisha akaniangalia mimi, akanyamaza. Kile kimya nilikielewa vizuri sana. Bahati yangu ni kwamba daktari alimwita mzee wangu akamweleza polepole: jeni hii inabebwa na mtu bila kujua, na wazazi wawili wakiwa nayo, kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Si laana. Na hakuna mzungu amepita kwangu. Mzee aliskia, akabaki. Kuna akina mama hapa ambao wao waliachwa na hiyo hesabu ya moja kwa nne bila mtu wa kuwatetea.

Sasa tuje kwa siasa, maana ndiyo imenileta.

Mheshimiwa yeyote akishika maikrofoni kuzungumza juu ya watoto wetu, ataanza na wauaji na waganga. Hiyo hatari ipo, sitaki kuipunguza. Mwaka 2010 mahakama ya Mwanza ilimfunga Mkenya miaka 17 kwa kujaribu kumuuza Mkenya mwenzake mwenye ualbino. Na mtaani binti yangu akipita kuna vijana wanamwita "pesa" wakicheka. Hiyo si mzaha, kijana. Katiba, Ibara ya 54, inasema mtu mwenye ulemavu asiitwe kwa namna ya kumdhalilisha.

Lakini mimi kama mama, kinachoninyima usingizi kila siku ni jua. Ngozi ya mtoto wangu haina ile rangi inayomkinga. Inaungua, inapata vidonda, na vidonda vya jua vya miaka mingi ndivyo vinageuka saratani. Kuzuia si ajabu: nguo ya mikono mirefu, kofia pana, kivuli, losheni. Na losheni ndiyo kesi.

Chupa ya duka la dawa inanila zaidi ya elfu moja, na ukipaka vile inafaa haimalizi mwezi. Hapa Kenya kuna mpango wa losheni ya bure. Serikali ya kitaifa inanunua, halafu inagawiwa kupitia hospitali za umma, na nyingi ya hizo ziko chini ya kaunti. Mmeona hapo katikati? Hapo ndipo mtoto wangu anaungulia. Nimewahi kupanga foleni kwa dirisha la dawa nikaambiwa haijaletwa, niulize juu. Nikauliza juu. Juu wakaniambia walishatuma, niulize chini. Nilitumia nauli ya mara tatu, ambayo ukijumlisha ni karibu nusu chupa.

Kwa hivyo mjadala ukianza, msikubali jibu la "serikali imewajali". Uliza ni chupa ngapi zilinunuliwa, zimefika hospitali gani, lini, na nani alitia sahihi kuzipokea. Wenzetu Tanzania wanatengeneza losheni Moshi, kwa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho KCMC. Moshi si mbali, ni hapo tu ukishavuka Taveta. Sisi tunashindwa wapi? Sijaskia mgombea hata mmoja akiulizwa hilo.

Shule nayo. Binti yangu aliwekwa nyuma darasani kwa sababu ni mrefu. Haoni ubao kutoka nyuma. Macho yake yanatikisika na mwanga unamuumiza. Mwaka mzima ripoti ikasema ni mvivu. Alipoletwa mbele, akapewa na karatasi zenye maandishi makubwa, uvivu ukaisha. Haikugharimu hata shilingi! Kilichonisumbua zaidi ni kofia. Eti si sare. Mtoto anasimama gwaride saa nne, jua limewaka, kofia iko ndani ya begi. Ilibidi nipeleke barua ya daktari mara mbili. Kwa hivyo mtu akisema "wanataka upendeleo", mwambie upendeleo wenyewe ni kofia na dawati la mbele.

Sasa hii sehemu naomba mskize vizuri. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wenye ualbino 9,729 Kenya nzima. Nchi ina wadi 1,450. Gawanya ile idadi ya Wakenya milioni 47 na wadi hizo, utapata kila wadi ina watu zaidi ya elfu thelathini. Yaani tukikusanywa wote kutoka kaunti zote, hatujazi hata theluthi ya wadi moja. Hakuna mwanasiasa atatuogopa kwa kura. Nimeacha kujidanganya.

Na tarehe pia zinatuumiza. Siku ya Kimataifa ya Ualbino ni Juni 13. Siku hiyo tunaitwa, tunapewa fulana na kofia, tunapigwa picha, tunasoma madai yetu kwa sauti kubwa. Lakini mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Mkakati wa fedha wa kaunti unafika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Juni 13 pesa zimeshagawanywa. Tunapiga makofi kwa gari ambalo limeshaondoka steji! Miaka saba nimeenda zile sherehe, na fulana ninazo, rangi zote.

Kwa hivyo mwaka huu kikundi chetu cha wazazi hakingoji Juni. Tumeandika memoranda ya kurasa mbili kwa kikao cha ushiriki wa umma. Inaomba mambo matatu: fungu la losheni ndani ya bajeti ya afya ya kaunti, lionekane kwa jina, daktari wa ngozi aje huku Eastlands angalau mara moja kila miezi mitatu, na chekechea za kaunti ziruhusu kofia. Shule ya msingi ni ya serikali ya kitaifa, hiyo barua ni nyingine na tunaiandika.

Karatasi iko pale kwa meza karibu na mlango. Mwaka jana tulipata sahihi 41, karibu zote za sisi wenyewe. Leo naomba za wale ambao nyumbani kwao hakuna mtoto kama wangu. Jina, nambari ya kitambulisho, sahihi. Kalamu ziko mbili, moja inasumbua kidogo.