Wimbo Unapobadili Mwendo



Padre Paroko, masista, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, wanakwaya wa zamani na wa sasa, nanyi waumini mliotuvumilia kwa miaka 25, karibuni. Sisi walimu wa kwaya tumeombwa tuseme machache juu ya uimbaji. Tumechagua jambo moja ambalo hula muda mwingi wa mazoezi: kubadili mwendo katikati ya wimbo.

Kwaya za huku visiwani zina hali yake. Wengi wetu tumeletwa Lamu na kazi: walimu, wauguzi, askari, wafanyabiashara. Mmoja amelelewa katika kwaya ya Kisii, mwingine Machakos, mwingine Tana River. Wimbo tunaujua ule ule, lakini kila mtu ana mwendo wa kwao. Wimbo ukienda sawa, tofauti hiyo haionekani, kwa kuwa mwenye haraka huvutwa na wenzake. Hujitokeza penye badiliko. Sauti ya kwanza imeshatulia, besi bado inakimbia, na mpiga ngoma hajui amfuate nani. Hapo waumini waliokuwa wakiimba nasi hunyamaza mmoja mmoja. Kwaya iliyokuja kuwasaidia watu kusali haitaki kuwafikisha hapo.

Basi tuanze na maneno. Katika Utukufu nyingi tunazoimba, mwendo ni wa shangwe. Tukifika tunapomwomba Mwanakondoo atuhurumie, mwendo unatulia, kisha unachangamka tena. Anayeomba rehema hakimbii. Handel alifikiri vivyo hivyo katika Messiah, iliyoimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Humo mna wimbo uliojengwa juu ya mafundisho ya Mtume Paulo kwa Wakorintho, kwamba kifo kilikuja kwa njia ya mtu, na ufufuko vile vile. Penye kifo aliandika mwendo mzito, penye uzima mwendo wa kasi, na akafanya hivyo mara mbili. Afrika nayo inayo Missa Luba ya Congo, iliyorekodiwa mwaka 1958 chini ya Padri Guido Haazen, na baadaye ikaimbwa na Kwaya ya Muungano ya hapa Kenya ikiongozwa na Boniface Mganga. Mtakatifu wake huanza taratibu, kama watu wanaoagana. Halafu Hosana huingia na mdundo wa ngoma za Kasai. Kwa hiyo, kabla ya kubadili mwendo, tuulizane: maneno yanataka nini? Tukikosa jibu, tuuache wimbo uende ulivyokuwa.

Pili, tujue tunabadili kwa namna gani. Kuna kubadili mara moja, na kuna kubadili kidogo kidogo. La mara moja linahitaji hesabu. Tukitoka mapigo 120 kwa dakika kwenda 60, mapigo mawili ya zamani yanakuwa pigo moja jipya. Kwenye mazoezi, nusu yetu tupige makofi ya mwendo wa zamani, nusu nyingine waimbe mwendo mpya juu yake, kisha tubadilishane. Baada ya mara tatu nne mwili unakumbuka wenyewe. La kidogo kidogo hushinda wengi, kwa sababu watu hukimbia mpaka neno la mwisho, kisha hufunga breki ghafla. Dawa yake ni kugawa pigo. Badala ya kuhesabu taa, taa, tuhesabu ta-te, ta-te moyoni, na kila ta-te iwe ndefu kidogo kuliko iliyotangulia.

Tatu, badiliko hutayarishwa kabla halijafika. Hili watu wa Lamu hatuhitaji kufundishwa. Nahodha anapotaka kugeuza mashua hageuzi kimyakimya. Hutoa neno kwanza, mabaharia wakashika kamba, na abiria wakajua pa kukaa. Mwongozaji naye atoe neno lake kwa mkono na kwa pumzi: pigo la kutayarisha alipige katika mwendo mpya, nasi tuvute pumzi katika mwendo huo huo. Ili tumwone, mstari unaotangulia badiliko na ule unaolifuata tuvijue kwa moyo, macho yatoke kwenye faili. Wanaoimba Haleluya ya Handel wanaelewa. Karibu na mwisho kwaya yote hunyamaza, kisha neno la mwisho huimbwa polepole sana. Asiyemtazama mwongozaji atasikika peke yake kanisa zima!

Nne, vyombo. Kayamba na ngoma vikubaliane na mwongozaji nani anatangulia kutulia. Kinanda cha umeme kikiwa kimewashiwa mdundo wake wa ndani, mdundo huo haumngojei mtu. Uzimwe kabla ya badiliko, mpiga kinanda acheze kwa mkono.

Tano, tusichanganye kubadili mwendo na kupotea mwendo. Wimbo wa shukrani hupanda kasi kwa sababu tumefurahi, na wimbo wa Kwaresima huburuta kwa sababu tumechoka. Simu zetu zinaweza kutupima: turekodi mazoezi, tuhesabu mapigo ya ubeti wa kwanza na ya ubeti wa mwisho, tulinganishe. Na kiitikio cha waumini kirudi kila mara katika mwendo ule ule, ili mama aliye benchi la nyuma aingie bila kubahatisha.

Mwisho, tuandike tulichokubaliana. Barua ya uhamisho ikija, mwenzetu atapanda boti na kwenda, na mwingine atashuka gatini na mwendo wa kwao. Kila badiliko liwekwe alama kwa penseli kwenye nakala: wapi linaanza, mapigo mangapi, nani anatangulia. Wengi walioimba hapa miaka hii 25 sasa wanaimba kwingine. Wakija kututembelea, wakute nakala zenye alama zao, waingie katika wimbo pamoja nasi.