Hotuba ya Kamati Siku ya Ukumbusho wa Kambi

Ndugu wakaaji wa Nyarugusu, ndugu watumishi wa mashirika,

Tulipovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 kutoka Fizi na Uvira, wengi wetu tulidhani tumeacha nyumba tu. Kumbe tuliacha hata mpango wa siku. Kule baba alifuata mwezi: usiku wa giza alishuka ziwani na taa kuvua ndagala, na mbalamwezi ikiwaka alibaki akishona nyavu. Mama aliloweka muhogo, akauanika, akautwanga. Watoto waliwaona wote wawili kazini.

Hapa ziwa liko mbali, na kutoka kambini ni kwa kibali. Tulipewa unga wa mahindi, tunashukuru (ingawa wazee wetu bado wanausema). Baba akawa mtu wa kungoja siku ya mgao. Kungoja huko kumevunja nyumba nyingi.

Kadi ya chakula huonyesha ukubwa wa familia. Haisemi huyu ni mvuvi, yule ni seremala. Ndugu watumishi, tunaomba muandike na ufundi wa mtu, na wazee hao wapewe vijana wawafundishe. Kamati imeanza orodha yake. Ambaye hajaandikwa afike kwa kiongozi wa kijiji chake.