Mtoto wa Mfanyakazi na Biashara

(Hotuba kwa wanachama wa tawi, Mombasa)



Nimeombwa nizungumze habari ya vijana wetu na biashara. Kila siku twasikia vijana wakiambiwa, "Jiajirini." Wenye makampuni husema hivyo, wakubwa wa serikali husema hivyo, na mara nyingine neno hilo hutujia wiki ile ile watu wanapopunguzwa kazini. Mimi sina ugomvi na biashara. Ugomvi wangu ni na wale wasemao kana kwamba kijana huota peke yake kama uyoga.

Hapa Mombasa sote twaijua shule ya Allidina Visram. Mtu huyo alizaliwa Kutch, Bara Hindi, mwaka 1851, akaja pwani yetu mwaka 1863, mtoto wa miaka 12. Hakuja na mali. Lakini alikuwa na mahali pa kufikia, maana alipata kazi kwa Sewa Haji Paroo, mfanya biashara wa Bagamoyo, akajifunza kwake. Baadaye alifungua maduka yake mwenyewe mpaka Uganda, na kando ya reli itokayo Mombasa. Alipofariki mwaka 1916 jina lake lilijulikana Afrika ya Mashariki yote. Watu husema alikuwa na akili, na kweli alikuwa nayo. Lakini kabla ya fedha alipata mtu wa kumpokea, duka la kujifunzia na jina la kumsimamia.

Sasa tazameni nyumba mbili za Changamwe. Mtoto wa mwenye duka akitoka shule hukaa nyuma ya kaunta. Humwona baba akikataa kukopesha bila kumvunjia mteja heshima. Hujua kwamba fedha iliyo ndani ya droo si faida yote, nyingine ni bei ya gunia lijalo. Akitaka kuanza duka lake, muuza jumla amjua baba yake, atampa mali alipe mwisho wa mwezi. Mtoto wetu sisi huona nini? Huona baba akitoka alfajiri, akirudi jioni, na mwisho wa mwezi karatasi ya mshahara. Basi naye huomba apate karatasi kama ile. Na akisema anataka kufungua gereji, ni sisi wenyewe tumwambiao, "Sikukusomesha ukapake grisi." Baba hasemi hivyo kwa ubaya. Mshahara ndio uliolipa karo na kodi ya nyumba, na duka likifungwa hakuna chama cha kudai notisi. Woga huo una sababu.

Tena kuna jamaa. Jamaa wale wale waliochanga mtaji ndio wajao kuchukua sukari na kusema, "Utaandika." Mwaka 1971 Peter Marris na Anthony Somerset walitoa kitabu juu ya wafanya biashara Waafrika wa Kenya, nao walikuta wengi wakiogopa kuwaweka jamaa kazini. Nani asiyejua sababu? Jamaa ni vigumu kumwamuru, na kumfukuza ni vigumu zaidi. Na binti zetu wana shida yao: wanauza, wanaweka hesabu, lakini benki ikitaka rehani, hati ya shamba ina jina la baba au la kaka.

Serikali imejaribu. Hazina ya vijana ilianzishwa mwaka 2006, na mwaka 2022 ikaja Hustler Fund, mkopo wa simu usiotaka mdhamini, toka Sh. 500 hata Sh. 50,000. Si vibaya. Lakini Sh. 500 hazinunui mashine ya kuchomelea, na simu haiwezi kumpeleka kijana kwa muuza vyuma na kusema, "Huyu namjua, mpe."

Sisi twaweza kusema hivyo. Humu ukumbini mna mafundi wa umeme, wa kuchomelea, wa injini, na makarani wa stoo wanaowajua wauzaji wote wa mji. Wengi wenu mna akiba katika Sako, na mwaweza kukopa mpaka mara tatu ya akiba hiyo mkidhaminiwa na wenzenu. Lakini angalieni: mkopaji asipolipa, hukatwa akiba ya mdhamini. Kwa hiyo mzazi akikopa kwa ajili ya mwanawe, waandikiane kiasi na tarehe ya kulipa, kama watu wasiojuana. Watakaokasirika leo kwa karatasi hiyo ni wachache kuliko watakaokasirika mwakani pasipo karatasi.

Ombi langu kwa mkutano ni hili. Kila fundi awezaye achukue kijana mmoja wa mwanachama mwingine, asiwe mtoto wake mwenyewe, maana mtoto wako utamhurumia. Amfundishe Jumamosi kwa miezi sita, amwonyeshe kazi na hesabu zake, kisha ampeleke kwa wauzaji anaowajua. Wasichana waandikwe sawa na wavulana. Katibu anayo daftari pale mlangoni. Mwenye nafasi aandike jina lake, kazi yake, na siku anayoweza kuanza.