Fungu la Baharia: Hesabu za Mafumbo Nyumbani

(Mazungumzo na wazazi na wanavikundi vya kuweka na kukopa, Pangani)

 

Nimeombwa niseme juu ya hesabu za mafumbo, zile zenye maneno mengi ambazo watoto wetu huziruka kwenye mtihani. Nitaanzia ufukweni.

Tuseme samaki wameuzwa kwa shilingi 260,000. Mafuta na barafu ni 60,000, nazo hutolewa kwanza. Kinachobaki kinagawiwa: chombo na nyavu mafungu 3, nahodha 2, mabaharia watano fungu moja moja. (Kila chombo kina desturi yake, msinishike kwa hilo.) Je, baharia apate shilingi ngapi?

Mtoto asiyeelekezwa hukimbilia tarakimu: anagawa kwa 5, basi. Mwambieni asome fumbo lote, kisha ajiulize: nisichokijua ni kipi? Ni fungu moja. Tuliite x. Mafungu yote ni 10, yaani 10x. Ukirudishia gharama unapata pesa yote ya mnadani:

10x + 60,000 = 260,000

Ondoa 60,000 pande zote mbili, kama unavyopunguza mizani sawasawa ili isiinamie upande mmoja. Inabaki 10x = 200,000; basi x = 20,000. Sasa hakikisha: chombo 60,000, nahodha 40,000, mabaharia 100,000, gharama 60,000. Jumla 260,000. Baba akirudi na 15,000, binti yake wa kidato cha pili atamwonyesha kuwa zimepungua 5,000. Kitabu cha Mithali na Sura ya 83 ya Kurani vyote vinawakemea wanaopunja vipimo, lakini aliyepunjwa naye sharti ajue kwamba amepunjwa.

Elimu hii ilianzia kwenye mambo kama haya. Al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha aljebra huko Baghdad katika karne ya 9, na sehemu kubwa yake ni masuala ya mirathi.

Ugumu mwingine, na kwangu ndio mkubwa, ni lugha. Katika shule za msingi za serikali hesabu hufundishwa kwa Kiswahili. Sekondari fumbo lilelile linakuja kwa Kiingereza, na mtoto anakwama kabla hajaifikia x. Mwacheni alisimulie kwanza kwa Kiswahili, hata jikoni, ndipo aandike.

Nawaachia moja. Mama alivuka kwenda Bweni na nazi zake. Akauza nusu, kisha akauza 40 nyingine, akarudi na 60. Alivuka na nazi ngapi?