Mke na Mume Mbele ya Hakimu



Mwaka 1917, katika nchi ambayo leo ni Kenya, Mwafrika aitwaye Amkeyo alishtakiwa kwa kupatikana na mali ya wizi, na mkewe akaletwa kutoa ushahidi dhidi yake. Sheria iliyotumiwa na Waingereza, ambayo waliitoa India, iliyalinda maneno yasemwayo baina ya mume na mke. Jaji Mkuu Hamilton akaamua kuwa kinga hiyo haikumhusu Amkeyo, kwani ndoa ya kimila, machoni pake, ilikuwa ni ununuzi wa mwanamke. Mahari ya wazee wa koo mbili ikageuzwa bei ya bidhaa!

Dharau hiyo haimo tena katika sheria. Sheria ya Ushahidi ya Kenya ya mwaka 1963 inaitambua waziwazi ndoa ya kimila, na ile ya Tanzania Bara, iliyotungwa mwaka 1967, haiwabagui wenye ndoa ya wake wengi.

Kwa sheria hiyo ya Tanzania, mke wa mshtakiwa, au mume, aweza kuwa shahidi wa upande wa mashtaka, lakini halazimishwi. Hulazimishwa pale tu kosa linapohusu maadili au Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, au linapomdhuru yeye mwenyewe, mke mwenzake, watoto au mali zao. Ni busara kubwa. Mwaka 1978 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kwamba mke aliyechomwa kisu na mumewe hakupaswa kulazimishwa kusema. Waingereza wakabadili sheria yao mwaka 1984. Mke anayepigwa, akiachiwa hiari, hiari hiyo hushikwa na huyo huyo ampigaye.

Lakini haki isiyojulikana haimsaidii mtu. Kwa hiyo hakimu ameamriwa amweleze shahidi, kabla hajatamka neno, kwamba halazimiki, na aandike katika mwenendo wa kesi kuwa amefanya hivyo. Asipoandika, ushahidi wote wa mwanandoa huyo haupokelewi, hata uwe wa kweli namna gani.

Watumishi na walimu ndio wanaoendewa na majirani wenye hati ya kuitwa shaurini. Wamwambie mama huyo jambo hili mapema, kwa lugha nyepesi, maana jioni atarudi kulala katika nyumba ya wakwe zake.