Kaizari, Rwagasore na Maneno Magumu

Tangu Kiingereza kifanywe lugha rasmi Burundi mwaka 2014, vijana wetu wanakisoma kwa bidii. Wakifika kwenye tanzia za Shakespeare, wanakwama. Wanajaza daftari maneno na maana zake. Mtihani ukipita, yote yamepotea.

Leo tumtazame aliyehangaika na maneno hayo hayo: Julius Nyerere. Mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare ya yapata mwaka 1599. Hakuridhika. Aliipitia upya, na mwaka 1969 ikatoka tena kwa jina la Juliasi Kaizari. Rais mwenye nchi changa mabegani anarudia kazi iliyokwisha kuchapwa! Hilo linanigusa kuliko tafsiri yenyewe.

Chukua hotuba ya Antony kwenye mazishi ya Kaizari. Anawataja Brutus na wenzake, waliomuua Kaizari, kuwa waheshimiwa. Mwanzoni umati unaafiki. Analirudia neno, analirudia tena, nalo linaanza kuchacha. Mwishowe ni tusi, na watu wanakwenda kuchoma nyumba. Kamusi haiwezi kukuonyesha mgeuko huo. Isome hotuba yote kwa sauti, usikilize watu wanavyojibu.

Na njama, kama ile ya kumuua Kaizari, je? Sisi wa Bujumbura neno hilo tunalijua. Mwanamfalme Louis Rwagasore alikuwa karibu na Nyerere, na TANU, chama cha Nyerere, ilikisaidia chama cha Rwagasore, UPRONA. UPRONA ikashinda uchaguzi wa Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba, wiki mbili tu tangu awe Waziri Mkuu, Rwagasore aliuawa kwa risasi akila chakula cha jioni katika Hoteli Tanganyika. Alikuwa na miaka 29. Mfyatuaji alikuwa Mgiriki, Kageorgis. Viongozi wa chama pinzani cha PDC walihukumiwa kwa kuipanga kazi hiyo.

Kwa hiyo kijana unayepita barabara ya Rwagasore na kitabu kwapani, anzia hapo. Jiulize ni nani walikutana kwa siri, walihofia nini, walijihesabia haki vipi. Kisha ingia nyumbani kwa Brutus usiku ule wa njama, wageni wamejifunika nyuso. Weka Shakespeare mkono mmoja na Nyerere mkono wa pili, usome mstari kwa mstari, na daftari ulifungue baadaye.