Ushindani Ndani ya Ujamaa

Wasikilizaji wetu wa Gatumba, na ninyi mlio ng'ambo ya mpaka kule Uvira, nchi inayohubiri usawa inamtakia nini mshindi?

Jirani yetu Tanzania ilikutana na swali hilo baada ya Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa ya Ujamaa, yaani usawa na kujitegemea. Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, Filbert Bayi, mwanajeshi wa nchi ya Ujamaa, aliongoza mbio za mita 1500 tangu mlio wa bastola hadi utepe, akavunja rekodi ya dunia. Wa pili alikuwa John Walker wa New Zealand. Wapenzi wa riadha wakangoja wakutane Olimpiki ya Montreal, 1976.

Hawakukutana huko. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ikasusia Olimpiki hiyo kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki. Walker akachukua dhahabu. Bayi alisubiri hadi Moscow 1980, akapata fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji. Mtanzania mwenzake, Suleiman Nyambui, naye akapata fedha katika mita 5000.

Naamini kususia kule kulikuwa haki kabisa. Lakini gharama yake haikugawanywa kijamaa: heshima ilikuwa ya taifa zima, miaka iliyopotea ilikuwa ya mkimbiaji. Kijana anayejifua leo kando ya mto wetu Rusizi, akiombwa kesho kujitolea namna hiyo, ana haki ya kuuliza wenzake watabeba sehemu gani.